Sindano za GLP-1

GLP-1 ni homoni inayotolewa na utumbo mtu anapokula. Hulichochea kongosho kutoa insulini, lakini pale tu sukari ya damu inapopanda. Hupunguza glukagoni, ambayo hulifanya ini kumwaga sukari. Hukawiza chakula tumboni na kuupasha ubongo habari ya shibe. Homoni hiyo huvunjwa mwilini kwa dakika chache. Semaglutidi ni mfano wake uliotengenezwa ili udumu, na sindano moja hutosha wiki nzima. Marekani iliiidhinisha kwa kisukari cha aina ya pili mwaka 2017, kwa unene mwaka 2021. Katika jaribio la wiki 68 kwa watu wanene wasio na kisukari, waliodungwa semaglutidi walipungua takriban asilimia 15 ya uzito, na waliodungwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4, ingawa wote walipewa ushauri uleule wa lishe na mazoezi. Basi unene si uroho tu. Kweli, walioacha dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito ndani ya mwaka mmoja. Lakini hata presha hupanda dawa yake ikiachwa, na hakuna anayeiita dawa hiyo bure.

Wapo watakaosema kwamba Mashuuru, eneo la wafugaji huko Kajiado, Kenya, haihusiki na unene na kisukari, maradhi ya Kitengela na Nairobi. Hoja hiyo ina mizizi: miaka ya 1960 mtafiti George Mann aliwapima Wamaasai wa Tanganyika akakuta lehemu yao iko chini licha ya maziwa na nyama. Lakini wale walitembea na mifugo kutwa, na lehemu si sukari. Isitoshe, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu Wakenya wazima 88 katika kila 100 hawakuwahi kupimwa sukari. Ugonjwa usiopimwa hauwezi kuonekana, hata uwepo. Kwa hiyo zahanati ya Mashuuru inahitaji glukomita kabla ya semaglutidi. Joto la Kajiado si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa: peni ya semaglutidi ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, ila ikishaanza kutumika huvumilia wiki 6 chini ya nyuzi 30. Kikwazo ni bei. Ndiyo maana metformini, kidonge cha bei nafuu, bado hutangulia, na Shirika la Afya Duniani, lilipoiingiza semaglutidi katika orodha ya dawa muhimu Septemba 2025, liliwalenga wenye kisukari cha aina ya pili walio pia na maradhi ya moyo au figo, pamoja na unene.