Meli Iliyofika kwa Vipande

Mitumbwi ya Ujiji ilichongwa kwa magogo ya milima ya Goma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chombo kikubwa kilichoundwa kwingine hakikuwa na namna ya kufika pale kikiwa kizima. Mwaka 1876 mpelelezi Stanley alipolizunguka ziwa hilo akianzia Ujiji, mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imetoka pwani kwa vipande, mabegani mwa wapagazi.

Wajerumani, walipolitawala eneo hilo, walifanya vivyo hivyo, ila kwa mzigo mzito mno. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, meli ya mvuke ya urefu wa mita 70 hivi iliunganishwa kwa muda tu, ili kuhakikisha kila bamba linakaa mahali pake. Kisha ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Yalishushwa Dar es Salaam, yakapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika ziwani Februari 1914, si Ujiji bali Kigoma, kwa kuwa ghuba yake ina kina ambacho ufuko wa Ujiji hauna. Ujiji, mji mkongwe wa misafara, ukabaki pembeni.

Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, ndio waliosimamia kuiunga upya. Historia imeyatunza majina yao. Waafrika na Wahindi waliobeba mabamba na kugonga ribiti juani hutajwa kwa jumla tu, na hilo ni deni kubwa, maana bila mikono yao makasha yale yangebaki makasha.

Meli ilishushwa majini Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshapamba moto, ikaitwa Graf von Götzen. Hata mzinga wake ulitoka kwenye chombo kingine: manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai mwaka huo.

Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma, waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi waliipaka injini grisi nene. Yeyote aliyewahi kufungua mashine akitumaini kuifunga tena ataelewa tendo lile: waliokuwa wakiiua meli walikuwa pia wakiitunza. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza walipoitoa majini Machi 1924, injini na boila zilikutwa zingali zinafaa.

Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina Liemba, ambalo mpelelezi Livingstone alilisikia likitumiwa kwa upande wa kusini wa ziwa. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 Liemba ilisaidia kuwarudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi, ikiwa na moyo mpya ndani ya mabamba yaleyale yaliyotoka Papenburg na kuungwa Kigoma.