Wajane katika Daftari la Kodi: Angeliki Laiou na Mwanamke wa Bizanti

Mwalimu anayefundisha tenzi za kale hukutana na dola ya Bizanti pengine bila kujua. Herekali anayetajwa katika Utendi wa Tambuka, kazi ya Mwengo iliyoandikwa Pate mwaka wa 1728, si mwingine ila Heraclius, kaisari aliyetawala Konstantinopoli kuanzia mwaka wa 610 hadi 641. Waarabu waliiita dola hiyo Rumi, nasi tukalipokea jina. Utendi huo ni wa vita, na vita huacha nje watu wengi. Je, wanawake wa Rumi waliishi vipi? Swali hili lilimshughulisha kwa miaka mingi mwanahistoria Angeliki Laiou, na njia aliyoitumia kulijibu inatuhusu sisi tunaohakiki usawiri wa wahusika wa kike.

Laiou alizaliwa Athens mwaka wa 1941, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1966. Alirudi huko kuwa profesa wa historia ya Bizanti mwaka wa 1981, na kuanzia 1989 hadi 1998 akaongoza kituo cha utafiti cha Dumbarton Oaks, Washington. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.

Alipoanza kazi, mwanamke wa Bizanti aliyejulikana sana alikuwa malkia, na habari zake zilikuwa zimeandikwa na mwanamume. Mfano maarufu ni Theodora, mkewe Justinian. Procopius, mwandishi wa karne ya 6, anamsifu katika kitabu kimoja. Katika kingine, alichokificha, anamchora kama kahaba na shetani. Mhakiki makini hatakosa kuuliza: huyu msimulizi ana kisa gani naye? Kwa upande mwingine, kulikuwa na waandishi wa nasaha. Kekaumenos, wa karne ya 11, alimwasa baba awafungie binti zake ndani kama wafungwa, wasionekane na watu. Wasomi wengi waliyachukua maneno kama hayo kuwa picha ya maisha yenyewe.

Laiou alikataa. Katika makala yake ya mwaka wa 1981 kuhusu nafasi ya mwanamke katika jamii ya Bizanti, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi pia huyachanganya darasani: yale jamii inayosema mwanamke afanye, na yale mwanamke anayoyafanya. Anayekaripia sana watu wasitoke nje, yamkini ameona wakitoka.

Ushahidi wake aliutoa mahali pasipotarajiwa. Katika kitabu chake cha 1977 juu ya wakulima wa Makedonia, alitumia madaftari ya kodi ya karne ya 14. Karani alipita kijijini akiandika kila kaya: jina la mwenye nyumba, mkewe, watoto wao, ng'ombe, mizabibu, na kodi wanayodaiwa. Humo wamo wajane wanaoongoza kaya na kulipa kodi kwa majina yao wenyewe. Wamo pia wanawake walioingia katika ndoa na mali yao, nayo sheria ililinda mahari hiyo isifujwe na mume. (Mahari ya huko ilitoka kwao binti, kinyume na desturi zetu nyingi.) Ajabu ni kwamba madaftari hayo yalihifadhiwa katika nyumba za watawa za Mlima Athos, mahali ambapo hadi leo mwanamke haruhusiwi kukanyaga. Miguu yao ilizuiwa, majina yao yakaingia.

Mjini nako alipata wengine. Mwaka wa 1986 aliandika kuhusu sherehe ya Agathe, iliyoelezwa na Michael Psellos katika karne ya 11, ambapo wanawake wa Konstantinopoli waliochambua sufu, kusokota nyuzi na kufuma vitambaa walikusanyika na kucheza ngoma. Hawa walikuwa na ufundi wao na siku yao, na hapana mtu aliyewafungia.

Hata hivyo, tusipitilize. Mjane yumo daftarini kama mwenye nyumba kwa sababu mumewe amekufa, na karani alitafuta kodi, si maisha yake. Kaisari Leo wa Sita, aliyetawala hadi 912, alikuwa amewakataza wanawake kushuhudia mikataba. Laiou alizijua pingamizi hizi, ndiyo maana baadaye akageukia hukumu za mahakama. Kitabu chake cha 1992 juu ya ndoa, mapenzi na ukoo kinachunguza karne ya 11 hadi ya 13, na miongoni mwa hati zake ni mashauri ya ndoa yaliyofikishwa mbele ya Demetrios Chomatenos, askofu mkuu wa Ohrid. Hapo walau mwanamke analalamika. Lakini hata lalamiko lake limepita katika kalamu ya mwandishi wa mahakama, naye alikuwa mwanamume.

Laiou alifariki Desemba 2008. Wanawake wa vijiji vya Makedonia bado wamo katika madaftari yale, jina, ng'ombe na deni. Sauti zao hakuzipata, wala hakudai kuzipata.