Nani Amngoje Nani: Historia ya Foleni ya Wagonjwa wa Nje

Maskini aliyeugua London mwanzoni mwa karne ya 19 alianza kutafuta barua kabla ya kumtafuta daktari. Hospitali kubwa za hisani ziliendeshwa kwa michango ya matajiri, na mchangiaji alipewa haki ya kuandika barua za kumruhusu mgonjwa apokelewe. Usipomjua mchangiaji, au ukamjua lakini asikupende, ulirudi nyumbani na homa yako. Hospitali hazikuhitaji daftari la miadi wakati huo: wenye barua walikuwa wachache, na barua zenyewe zikawa kipimo cha watu watakaoingia.

Mwaka 1828 tabibu kijana, William Marsden, alifungua mahali pa kutibia ambapo baadaye palikuja kuitwa Royal Free Hospital. Sharti lake lilikuwa moja tu: uwe mgonjwa na uwe huna kitu. Barua haikutakiwa.

Watu wakaja, tena wakaja wengi. Kufikia miaka ya 1890 kumbi za wagonjwa wa nje za London zilifurika, na madaktari wa mitaani walilalamika kwamba hospitali zinawanyang'anya wateja wanaoweza kulipa. Mwaka 1895 Royal Free ikamwajiri Mary Stewart, mwanamke aliyetoka katika shirika la hisani la Charity Organisation Society, awe anawahoji watu wanaofika: unaishi wapi, unapata kiasi gani, kwa nini umekuja hapa? Leo Stewart anatajwa kama mwanzilishi wa kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, na sifa hiyo anaistahili. Ila tusisahau alichoitiwa kwanza. Aliitwa apunguze watu kwenye benchi.

Julai 5, 1948, Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, NHS, na matibabu yakawa bure kwa kila mkazi. Barua zilikuwa zimekwisha kazi, na maswali ya uwezo wa mtu hayakuwa na maana tena. Chombo pekee kilichobaki cha kuwapanga watu kilikuwa saa ya ukutani, na hospitali nyingi ziliitumia kwa njia nyepesi kuliko zote: kumwandikia kila mtu aje mwanzoni mwa zamu. Msomaji aliyewahi kuandikiwa saa 2 asubuhi kwenye kadi ya kliniki, akakuta wenzake arobaini wameandikiwa saa hiyohiyo, anaujua mtindo huu vizuri.

Hesabu yake haihitaji kalamu. Wagonjwa 25 wakifika saa 3 asubuhi, na kila mmoja akichukua dakika 5, wa mwisho atangoja saa mbili kamili. Daktari akichelewa nusu saa, mgonjwa huyo atangoja saa mbili na nusu, na wengine wote 24 nao watakuwa wameongezewa nusu saa kila mmoja. Kwa upande wa hospitali, hata hivyo, mpango huo haukuwa na kasoro: daktari bingwa hakukaa hata dakika moja bila mtu mbele yake. Muda wake ulikuwa na bei. Wa aliyekaa kwenye benchi haukuandikwa popote.

Mtu aliyeuandika alikuwa Norman Bailey, mtaalamu wa takwimu. Mwaka 1952, yeye na J. D. Welch walichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu miadi ya wagonjwa wa nje, na mwaka huohuo Bailey akatoa utafiti wake wa kihesabu. Kompyuta hazikuwa chombo cha kila ofisi. Bailey alitumia namba za kubahatisha kuunda kliniki za kwenye karatasi: mgonjwa huyu dakika 2, anayefuata 11, yule 4. Kisha akapima nani alingoja na kwa muda gani, akibadili mpango na kurudia tena.

Alichogundua ni kwamba wastani unadanganya. Ukiwaita watu kwa kufuata wastani wa muda wa kuonana na daktari, wale wanaomaliza haraka wanaacha pengo ambalo halirudi, na wale wanaochukua muda mrefu wanawasukuma mbele wote walio nyuma yao. Pendekezo lake likawa jepesi kiasi cha kushangaza: wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, kisha wengine mmoja mmoja, kila baada ya muda ulio sawa na wastani. Yule wa pili ni akiba ya daktari. Watu hawasongamani, na daktari hakai bure kwa muda wa kutisha. Kanuni hiyo bado inafundishwa, lakini ina sharti ambalo hospitali hazikulipenda, kwamba daktari naye afike kwa wakati.

Afrika Mashariki tatizo lilitazamwa kwa jicho jingine. Mwaka 1966 Maurice King alihariri kitabu kilichotokana na mkutano uliofanyika Makerere, Kampala, kuhusu utabibu katika nchi zenye fedha chache. Humo inasisitizwa kwamba mgonjwa atibiwe karibu na kwake iwezekanavyo, katika kituo kidogo na cha gharama nafuu kuliko vyote vinavyoweza kumhudumia ipasavyo. Kwa mtazamo huo foleni ya hospitali kuu haitibiwi kwa saa. Inatibiwa kwa zahanati ya kijijini.

Waingereza waliendelea na saa yao. Mwaka 1991 serikali ilitoa Hati ya Mgonjwa, iliyoahidi kwamba mwenye miadi ya hospitali ataonwa ndani ya dakika 30 za muda aliopangiwa. Huko California, Mark Murray, daktari wa shirika la Kaiser Permanente, alishusha muda wa kusubiri miadi kutoka siku 55 hadi siku moja kwa kumaliza kwanza viporo, kisha kuhudumia maombi ya leo leo. Uingereza ikavutiwa. Mpango wa NHS wa mwaka 2000 ukaahidi kwamba kila mtu atamwona daktari wa familia ndani ya saa 48.

Kliniki zilitimiza agizo kwa ujanja. Ili zisionekane zimemngojesha mtu, nyingi zilikataa kabisa kuandika miadi ya mbele. Mwaka 2005, wakati wa kampeni, mama mmoja alimweleza Waziri Mkuu Tony Blair kwenye runinga kwamba mwanawe ametakiwa kurudi baada ya wiki, lakini mapokezi hayakubali kumpangia siku. Blair alishangaa waziwazi, na ukumbi ukamwonyesha kwamba si mama huyo peke yake.

Badiliko kubwa zaidi la miaka ya karibuni limetoka kwenye kliniki za VVU. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wanaotumia dawa na hali zao ni nzuri wafike kliniki kila baada ya miezi 3 hadi 6, badala ya kila mwezi. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizofuata njia hiyo. Mtu aliyekuwa akipanga foleni mara 12 kwa mwaka anaweza kufika mara mbili, na muuguzi anapata nafasi ya kukaa na yule mwenye shida. Mzigo nao umehamia stoo ya dawa: kumpa mtu chupa za miezi sita kunataka shehena ambayo zamani iligawiwa kidogo kidogo, na shehena ikichelewa, kliniki inalazimika kugawa za mwezi mmoja na kumwandikia mtu tarehe ya karibu.