Matunzo ya Wazee Kishushe: Kutoka Ukoo hadi Kompyuta

Kishushe, katika Kaunti ya Taita Taveta, mzee alikuwa wa ukoo wake hata baada ya kufa: Wataita wa kale walifukua mafuvu ya wazee wao na kuyahifadhi mapangoni. Serikali ilichelewa kuingia katika matunzo ya wazee. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, iliwapa wazee haki ya kutunzwa na familia na dola. Mwaka 2018 Inua Jamii, mpango wa serikali wa kugawa fedha, ikawafungulia mlango wazee waliotimiza miaka 70, kwa Sh2,000 kwa mwezi, kiasi kidogo mno.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii hukadiria kwa kompyuta mapato ya kaya zisizo na mshahara, za wazee zikiwemo, ili kupanga mchango wa bima ya afya. Watu huulizwa, pamoja na mengine, nyumba yao imejengwa kwa nini. Mchango haupungui Sh300 kwa mwezi. Mjane aliyejengewa nyumba ya mawe na mwanawe aliye Mombasa anaweza kuhesabiwa tajiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inamruhusu kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, ilimradi awepo wa kumweleza hilo kwa Kidawida, lugha ya Wataita.