Fimbo Ina Daftari, Uonevu Hauna

Muhula wa pili unapoanza mwezi Julai, stendi ya Mafinga hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, ndoo, na watoto waliojikunyata kwa baridi ya Mufindi. Asubuhi moja ya msimu huo nilikuwa nikisubiri basi la kwenda Mbeya, nikaketi kando ya mama mmoja aliyekuwa akimrudisha mwanawe shule ya bweni. Kijana alikuwa kidato cha kwanza. Alikuwa ameivuta kofia yake ya sufi hadi chini ya masikio, wala hakuivua tulipoamkiana.

Mama akanieleza. Wakubwa wa bweni walikuwa wakimfulisha nguo zao na kumnyang'anya chakula, na usiku mmoja walimpiga hadi sikio likatoka damu. Alikuwa amefika shuleni mara tatu. "Kila nikienda naambiwa, mama, hayo ni mambo ya njuka, yatapita. Sasa, mwalimu, sheria inasemaje? Niende wapi?" Nikamwuliza kama alikwisha kuandika barua. Akanitazama kwa mshangao. "Barua ya nini, baba? Si nilikwenda mwenyewe?"

Nilimjibu kwa haraka kadiri basi lilivyoniruhusu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa kwa utulivu.

Sheria ya kumlinda mtoto yule ipo, lakini imetawanyika, na kutawanyika huko kuna historia. Kwa karibu karne moja, dola katika nchi hii, ya kikoloni na ya uhuru, ilishughulika zaidi na mamlaka ya shule juu ya mtoto kuliko wajibu wa shule kwa mtoto. Mamlaka yaliandikwa kwa ufasaha. Wajibu uliachwa ujulikane wenyewe.

Tuanzie hapa hapa Mufindi. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Malangali chini ya Mwingereza W. B. Mumford. Alitaka elimu ijengwe juu ya mila za wenyeji, hivyo wazee wa makabila waliletwa shuleni kuwafundisha vijana desturi na historia yao. Jaribio hilo halikudumu, na lina kasoro nyingi za ukoloni. Hata hivyo lilikuwa na jambo moja la kukumbukwa: mtoto hakuachwa mikononi mwa vijana wenzake, bali palikuwa na mtu mzima wa jamii yake ndani ya uzio wa shule.

Mfumo uliotawala nchini ni ule wa Tabora, shule iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu na kuigwa kutoka shule za bweni za Uingereza. Huko mwanafunzi mkubwa alipewa cheo cha kiranja, akasimamia bweni, zamu na usafi. Lengo lilikuwa kuandaa watawala wasaidizi: kijana ajifunze kuamrisha wadogo kwa niaba ya wakubwa. Uhuru ulipokuja, tuliwaondoa machifu mwaka 1963, lakini kiranja tulimbakiza. Shule nyingi za bweni hadi leo zinaendeshwa usiku na watoto wanaowatawala watoto.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na miongoni mwa kanuni zilizofuata zilikuwa za viboko. Zinazotumika zilitolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002, wakati wizara ya elimu ikiongozwa na Joseph James Mungai, mwana wa Mufindi ambaye jina lake linabebwa na shule ya sekondari hapa Mafinga. Kanuni hizo zinastahili kusomwa kwa makini. Viboko visizidi vinne. Atoe mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Fimbo iwe nyepesi. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Tena kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Mimi si mtetezi wa fimbo. Ninaloliona ni kwamba mtunga kanuni alijua jambo moja la msingi kuhusu madaraka: kisichoandikwa hakiwezi kudhibitiwa. Ndiyo maana fimbo ikapewa daftari. Lakini kanuni hizo hazimwagizi mkuu wa shule afungue daftari la mtoto aliyepigwa na wenzake, lionyeshe nani alilalamika, lini, na shule ilifanya nini.

Hata daftari la fimbo hatukuliheshimu. Mwaka 2016 picha za video zilisambaa zikionyesha walimu waliokuwa mafunzoni wakimshambulia mwanafunzi wa Sekondari ya Kutwa ya Mbeya kwa makofi, mateke na fimbo. Waziri wa Mambo ya Ndani akaagiza wasakwe, na vyuo vyao vikawafukuza. Lakini kishindo hicho kilikuja baada ya video kusambaa, siku kadhaa baada ya tukio lenyewe. Oktoba 2019, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 wa Sekondari ya Kiwanja wilayani Chunya mbele ya kamera, ingawa kanuni hazimpi mkuu wa mkoa fimbo hiyo. Na Rais John Magufuli akampongeza hadharani. Kijana wa kidato cha nne aliyeyaona hayo alijifunza kwamba mwenye nguvu haulizwi, akalipeleka somo hilo bwenini.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: mzazi aende wapi?

Msingi wa kwanza ni wa kale. Sheria zetu zilipokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1893, katika shauri la Williams dhidi ya Eady, mahakama ya Uingereza ilikuwa imekwisha kusema kwamba mwalimu anawajibika kuwatunza wanafunzi kama mzazi mwangalifu anavyowatunza watoto wake. Kipimo hicho ni sehemu ya urithi wetu wa kisheria. Tulizoea kukitumia upande mmoja tu: mwalimu ni mzazi, kwa hiyo achape. Upande wa pili ni mzito zaidi: mwalimu ni mzazi, kwa hiyo alinde. Mzazi mwangalifu akisikia mwanawe anapigwa kila usiku chumba cha pili, hasemi yatapita.

Msingi wa pili ni Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa mwaka 1984, na ibara ya 13 inakataza mateso na adhabu za kinyama au za kumdhalilisha mtu. Ibara ya 30 inampa aliyevunjiwa haki njia ya kufungua shauri Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayefungua shauri la namna hiyo sharti aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameguswa. Wanaharakati waliathirika, mtoto aliyepigwa ameguswa bila shaka.

Msingi wa tatu ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kama ilivyotungwa, kifungu cha 13 kinakataza kumtesa mtoto au kumtendea kwa namna inayomdhalilisha. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa watoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka hiyo. Matroni, patroni na mwalimu wa zamu nao ni wanajamii. Anayenyamaza hafichi siri ya shule tu. Anaacha wajibu wa kisheria.

Kanuni ya Adhabu nayo inajua shambulio na kudhuru mwili, awe aliyepiga ni mkubwa au mdogo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza waziwazi kumtisha na kumsumbua mtu kwa ujumbe wa kielektroniki. Hapa pana kinaya: tumeutungia uonevu kifungu chake maalumu unapopita kwenye simu, lakini unapotokea bwenini tunaulizana jina lake.

Kutokana na misingi hiyo, njia za familia ni hizi. Kwanza, barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa bodi ya shule, au kamati ikiwa ni shule ya msingi. Itaje tarehe, mahali, majeraha na hatua zinazoombwa. Nakala ya mzazi igongwe muhuri wa kupokelewa. Pili, shule isipochukua hatua, barua hiyo ipande kwa afisa elimu wa halmashauri, mthibiti ubora wa shule na afisa ustawi wa jamii. Ikiwa mwalimu wa shule ya umma ndiye aliyekiuka maadili, Tume ya Utumishi wa Walimu ina mamlaka ya nidhamu juu yake.

Tatu, panapokuwa na jeraha, mzazi asisubiri barua ijibiwe. Aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, mtoto atibiwe na majeraha yaandikwe na tabibu. Namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Na asiogope kwamba anampeleka mtoto wa mwenzake gerezani: chini ya Sheria ya Mtoto, mtoto hahukumiwi kifungo, na aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Mahakama ya Watoto iliundwa ili mtoto aliyekosa arekebishwe, asiangamizwe. Muonevu naye ni mtoto wa mtu, na mara nyingi jana alikuwa njuka.

Nne, shauri la madai ya fidia kwa uzembe. Mtoto hushtaki kupitia mzazi au mlezi wake. Shule ikiwa ya binafsi au ya taasisi ya dini, hushtakiwa katika mahakama za kawaida kulingana na kiasi cha madai. Ikiwa ya umma, Sheria ya Mashauri ya Serikali inadai notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa watu wa Mafinga, hiyo ni Kanda ya Iringa. Muda wa kudai kwa uzembe ni miaka mitatu, ingawa kwa mtoto sheria huanza kuhesabu anapofikia utu uzima. Asiye na fedha ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani.

Njia ya mahakama ni ndefu, na sitamdanganya mtu. Nchini Kenya, watoto 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli Machi 2001. Wazazi walisubiri hadi mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu mjini Machakos ikaamuru walipwe fidia. Njia ya utawala huweza kuwa ya haraka zaidi: mwanzoni mwa mwaka 2017 taarifa za viranja kuwatesa wanafunzi wapya wa Alliance zilipowekwa kwenye karatasi na wachunguzi wa wizara, mkuu wa shule hiyo maarufu alistaafu kabla ya wakati.

Popote mashauri ya namna hii yanapoamuliwa, swali moja hurudi. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Davis la mwaka 1999 lililohusu mwanafunzi aliyesumbuliwa kingono na mwenzake, ilisema shule huwajibika ikiwa ilijua na ikapuuza kwa makusudi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2002 ilikubali kwamba shule yaweza kuwajibika kwa uonevu, lakini mlalamikaji alishindwa kwa kuwa shule ilionekana kuchukua hatua za kutosha. Kwa hiyo hakimu atauliza: shule ilijua lini, na baada ya kujua ilifanya nini?

Mama wa Mafinga alikuwa ameifahamisha shule mara tatu. Mbele ya sheria, hakuwa na hata mara moja ya kuithibitisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hali ya mtoto ni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema tunawaongezea mzigo walimu. Najua bweni lenye watoto mamia likilindwa na patroni mmoja, na najua mwalimu anayesahihisha madaftari kwa mwanga wa simu. Lakini kumbukumbu humlinda na mwalimu pia: aliyeandika kwamba alipokea malalamiko Jumatatu, akawatenganisha watoto Jumanne na kuwaita wazazi Alhamisi, ana utetezi ambao aliyenyamaza hana.

Kwa watumishi wa wizara wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Mamlaka ya kutunga kanuni mnayo tangu 1978. Kanuni ya aya chache inatosha: kila shule iwe na daftari la malalamiko ya uonevu, mzazi apewe nakala, hatua ziandikwe ndani ya siku zilizotajwa, na mthibiti ubora alikague kama anavyokagua mahudhurio.

Kwa wazazi, msisubiri kanuni hiyo. Basi langu lilipoita abiria, nilichana karatasi mbili kutoka daftari langu nikampa yule mama pamoja na kalamu. Nilipogeuka dirishani, kijana ndiye aliyekuwa akiandika, karatasi ameiweka juu ya sanduku la bati, na mama yake akimtajia tarehe.