Begi moja lilivyoharibu mapinduzi

Vijana wenzangu, mnamjua Mike Hoare? Ni yule mamluki aliyepigana Baraka, kule Fizi, mwaka 1965. Tarehe 25 Novemba 1981 akatua Shelisheli na watu zaidi ya 40, eti watalii wanywa bia. Kumbe wamebeba bunduki za jeshi la Afrika Kusini, ili wamrudishe Rais Mancham, aliyepinduliwa na René mwaka 1977. Ofisa wa forodha akafungua begi moja tu, siri ikatoka. Mamluki wakaivamia kambi ya Pointe Larue, lakini askari hawakusalimu amri. Wakateka ndege ya Air India, wakakimbilia Durban. Fedha za nje hutafuta mlango ulio wazi. Kila anayefanya kazi yake sawasawa anaufunga.