Magari machache ya mbio: Mnunuzi wa Kitengela na Kajiado ajihadhari na haya

WAKAZI wa Kajiado hawahitaji kuelezwa gari la mbio ni kitu gani. Katika miaka ya mwisho ya 1990 hadi mwaka 2002, mashindano ya Safari Rally yalipita katika vumbi la Oltepesi na Olooltepes, na wachungaji wengi waliwahi kuwaona mabingwa wa dunia wakipita mbele ya mifugo yao.

Mashindano hayo yaliondolewa katika ratiba ya dunia baada ya 2002, yakarejea mwaka 2021 yakiwa na makao yake Naivasha. Lakini mapenzi ya magari yale hayakuondoka. Leo hii, wapo vijana wa Kitengela walio tayari kutoa fedha ambazo zingenunua ploti ili wamiliki gari ambalo lilitengenezwa kwa idadi ndogo tu. Makala haya yanaeleza magari hayo ni yapi, kwa nini ni adimu, na mitego inayomngoja mnunuzi.

Asili ya uhaba

Magari haya hayakuwa machache kwa bahati. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Magari, FIA, zilimlazimu mtengenezaji kuunda idadi fulani ya magari ya kuuzia umma kabla ya gari lake kuruhusiwa kushindana. Wengi walitengeneza idadi hiyo iliyotakiwa, kisha wakafunga kazi.

Kwa mfano, Opel Ascona 400, aliyoendesha Ari Vatanen kushinda Safari ya 1983, ilipata jina lake kutokana na magari 400 yaliyohitajika. Kundi B, lililoanza mwaka 1982, lilihitaji magari 200 pekee. Toyota Celica Twin Cam Turbo ya kundi hilo ilishinda Safari mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984 na 1986, na Juha Kankkunen mwaka 1985.

Baada ya vifo vya madereva na watazamaji barani Ulaya mwaka 1986, Kundi B lilipigwa marufuku. Kundi A lililochukua nafasi yake lilidai magari 5,000, idadi ambayo baadaye ilipunguzwa hadi 2,500. Hapo ndipo yalipozaliwa magari yanayotajwa sana na vijana wetu: Toyota Celica GT-Four, Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza za mbio. Carlos Sainz alishinda Safari ya 1992 kwa Celica ya namna hiyo.

Adimu zaidi kati ya hizo ni Subaru Impreza 22B ya mwaka 1998, yenye milango miwili na injini ya lita 2.2. Soko la Japan lilitengewa magari 400 tu, nayo yalinunuliwa yote kwa muda mfupi mno.

Sheria ya miaka minane

Hapa ndipo ndoto ya wengi inapogonga mwamba. Kwa mujibu wa kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Viwango, KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026, hiyo ina maana ya magari yaliyosajiliwa kuanzia 2019. Aidha, usukani sharti uwe upande wa kulia.

Kwa hiyo, Celica ya 1992 au Impreza ya 1998 haiwezi kuagizwa leo kutoka Japan kwa njia ya kawaida. Zilizoko nchini ndizo hizo hizo. Moja ikigongwa au ikikatwakatwa kwa ajili ya vipuri, hakuna nyingine itakayokuja kuziba pengo. Anayeahidi kukuletea gari la aina hiyo "kwa njia zake" anakuuzia kesi mahakamani.

Njia halali iliyo wazi ni kununua gari la kizazi kipya. Toyota GR Yaris, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, ilibuniwa kutokana na mbio kama zile za zamani, na usukani wa zile za Japan uko kulia. Toyota imeshinda Safari kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, jambo lililoongeza hamu ya gari hilo.

Hata hivyo, ushuru ni mzito. Chukua gari la petroli la injini kati ya sentimita za ujazo 1,500 na 3,000, ambalo Mamlaka ya Ushuru, KRA, imelikadiria kuwa na thamani ya Sh1 milioni. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, unaotozwa juu ya jumla hiyo, ni Sh337,500. Kodi ya VAT ya asilimia 16 ni Sh270,000. Ukiongeza ada mbili za uagizaji na reli, utalipa Sh1,002,500. Yaani, kodi inalingana na thamani ya gari lenyewe. Injini ikizidi 3,000, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 35. Isitoshe, KRA hutumia makadirio yake yenyewe, wala si bei iliyoandikwa katika risiti yako.

Halisi au la kuvishwa?

Kwa anayenunua gari la zamani lililoko nchini, hatari kubwa ni gari la kawaida lililovishwa nembo, bawa na magurudumu ya gari la mbio. Nembo hununuliwa gerejini kwa bei ndogo. Nambari ya chasisi ndiyo shahidi.

Lancer Evolution ya tano na ya sita huanza na CP9A. Ya saba hadi ya tisa huanza na CT9A. Ukikuta herufi CS, hiyo ni Lancer ya kawaida hata ikinguruma vipi. Celica GT-Four huandikwa ST165, ST185 au ST205. Linganisha nambari iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyomo katika kitabu cha umiliki, kisha uhakikishe rekodi zake kwa Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Nenda na fundi wako mwenyewe, wala si yule aliyeletwa na muuzaji.

Kulitunza

Hali ya Kajiado ni ngumu kwa magari haya. Vumbi huziba kichujio cha hewa na kuharibu tabo, kwa hiyo kichujio kikaguliwe mara kwa mara. Maji ya visima vingi vya Kitengela yana chumvi. Usiyatie katika rejeta, na ukiyatumia kuoshea gari, lifute kabisa.

Mwenye nia ya kujifunza azuru maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ambako waamuzi hukagua magari hadi chini ya bodi. Vilevile yapo mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari. Humo magari ya zamani huonekana yakikimbia: Waldegård alishinda 2011 na Stig Blomqvist 2015, wote kwa Porsche 911.

Magari haya ni sehemu ya historia ya nchi iliyowatoa kina Joginder Singh, mshindi wa Safari mara tatu, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Anayenunua moja kwa pupa atapoteza akiba yake. Anayenunua kwa subira na kulitunza huwahifadhia wajukuu kitu kisichoweza kuagizwa tena.